Chumba cha Pasi Kinaachiwa

Kiwanda cha mashati kilipopata wenyewe wapya, masomo ya Kiingereza yalianzishwa kantini, jioni baada ya zamu. Siku ya kwanza watu walijaa kwa sababu ya chai ya bure, kisha wakayeyuka mmoja mmoja. Kati ya wachache waliobaki, aliyeshika vizuri kuliko wote alikuwa mshona vifungo, mama wa makamo ambaye wenzake walimbandika jina la Bibi Vifungo. Hakukosa kuketi na wifi yake, dada wa mumewe, mpiga pasi aliyekuja darasani kucheka zaidi kuliko kusoma. Waliishi nyumba moja, wakapika jiko moja, na hawakuwa na siri.

Mwalimu hakuwa na kitabu. Aliwasomea habari za magazeti kutoka kwenye simu yake, na jioni moja akaleta habari ya kampuni ya ng'ambo ambayo "morale" ya wafanyakazi wake ilikuwa imeshuka.

"Morale ni ari," alieleza. "Ile hamu ya kuamka uje kazini."

"Basi yetu haijashuka, mwalimu," wifi akadakia. "Haijawahi kupanda!"

Kantini nzima ikaangua kicheko, na wifi akainuka kwenda kujiongezea chai.

Mwalimu akaendelea kusoma. Ili kuinua hiyo ari, kampuni ile iliamua "to let go" nusu ya watu wake. Bibi Vifungo akanyoosha mkono.

"Hiyo si ndiyo kumwachia mtu? Mfungwa akiachiwa hufurahi."

"Hapa ni kufukuzwa, mama. Ila kwa sauti ya chini."

Siku hizo watu wa pasi walikuwa wamechoka mpaka kwenye mifupa. Mvuke uliwababua mikono, na bado walibakizwa kila Jumamosi. Walikuwa wameomba waachiwe Jumamosi zao, jibu halikuja. Kwa hiyo meneja mpya alipowaita wafanyakazi wote uani, watu wa pasi walitoka mbio wakijifuta jasho, wakijua jibu lao limefika.

Meneja alimwita Bibi Vifungo mbele atafsiri. Alizungumza polepole, akitabasamu: mashine mpya za pasi zinakuja, tunasikitika lakini itabidi "to let the ironing room go", watakaobaki watakuwa na ari kubwa zaidi. Bibi Vifungo alielewa kila neno. Akamwona wifi yake mstari wa mbele, amefunga kanga kiunoni, akimkonyeza.

Ulimi ukamwambia sema wamefukuzwa. Midomo ikakataa.

"Anasema," akatafsiri, "chumba cha pasi kinaachiwa."

Vigelegele vikapasua uwanja. Wapiga pasi walikumbatiana, wifi akarukaruka, "Jumamosi zetu hizo!" Meneja alishangaa kidogo, kisha naye akapiga makofi, akamwinamia Bibi Vifungo na kumnong'oneza kwamba hajapata kuona ari ya namna hiyo. Hapo ndipo angeweza kusahihisha. Badala yake akarudi kwenye vifungo vyake. Nyumbani wifi aliimba mpaka akapitiwa na usingizi, na Bibi Vifungo hakufungua kinywa.

Asubuhi mlinzi aliwazuia getini watu wa pasi wote. Wifi alidhani ni utani, akamsukuma, naye mlinzi, kwa aibu, akamweleza kwamba ofisi imempa orodha ya waliofukuzwa, na kwamba ndilo alilotangaza meneja jana.

Bibi Vifungo aliporudi jioni alimkuta anafunga mizigo.

"Ulijua?"

"Nilijua, wifi."

"Ukaniacha nipige vigelegele?"

"Niliogopa. Nilitafuta neno laini."

"Laini kwa nani?" Wifi alikaza fundo la mzigo kwa meno. "Kufukuzwa nimeshazoea. Kuchezeshwa ngoma ya msiba wangu mwenyewe, tena na wewe, hilo sitalizoea."

Kaka yake, mume wa Bibi Vifungo, alimsihi abaki mpaka kuche. Alimpa mkono kaka, akambusu mtoto mdogo wa nyumba, akapita mbele ya Bibi Vifungo kana kwamba ni mlango ulio wazi.

Mwezi uliofuata Bibi Vifungo alipewa meza karibu na ofisi, awe mkalimani. Mumewe alipoambiwa, aliuliza tu kama chakula kiko tayari. Kantini, alipoweka sahani yake, waliokuwa mezani walimaliza kula upesi wakaondoka.