Mbegu Alizogawa Ineza

"Mama Ineza, mwanao ana mkono wa baraka!" jirani yangu Adelfina alisema, kikapu kichwani. "Kanipa maharage yote ya mbegu. Mpaka yale ya kibuyuni!"

Nilicheka kwa kujivuna. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha kijijini kwetu Mugoma, udongo unanukia, kila mtu na jembe lake. Kisha kicheko kikanikauka.

"Yote?"

"Yote. Nikamwambia, nyie mtapanda nini? Akasema, pandeni tu."

Kwetu, hata mwaka wa njaa, mbegu hailiwi. Watu hulala na njaa, kibuyu kimejaa darini. Anayegawa mbegu yote mvua ikianza, huyo hana habari na mavuno. Ineza alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe huko Nemba, baada ya kumzika mtoto wao. Alikaa kimya muda mrefu. Wiki ile akachangamka, akafua kila nguo, akatuomba msamaha mmoja mmoja. Tukasema Mungu mkubwa, amepona. Mama mwenzangu, uchangamfu wa ghafla nao uuchunguze.

Jembe nililiacha palepale.

Nilimkuta uani anamsuka bibi yake, mama mkwe wangu Francisca. Nikaketi chini mbele yao. Neno nililotaka kumuuliza kwetu halitajwi. Wanasema ukilitaja umekiita kifo mlangoni.

"Ineza, unataka kujiua?"

Francisca aliruka. "Wee mwanamke! Unamwitia mtoto kifo?"

Ineza hakuachia msuko. "Mwache, bibi. Hajakiita. Nimekaa nacho siku nyingi, ila hakuna aliyeniuliza."

Akasema mengi. Sikumkemea, sikumhubiria, ulimi niliuuma. Hatukumwacha peke yake, na kesho yake tukampeleka zahanati, nao wakatuandikia barua ya kwenda hospitali. Hii si homa ya kumeza vidonge ikaisha. Ineza yupo. Kuna siku anacheka, kuna siku haongei, nami humuuliza tena, kwa neno lilelile.

Wapo wanaosema nina mdomo mchafu. Haya. Jumapili iliyopita kanisani, wakati wa matangazo, mzee Minani aliniinamia. Kijana wake siku hizi hatoki ndani.

"Dada, lile neno. Ulilitamkaje?"

"Kama unavyomuuliza mtu anaumwa wapi. Ukishalisema, nyamaza usikilize."

Alitoka kabla matangazo hayajaisha, akashika njia ya nyumbani kwake.