Pumzi ya Kasyoka

Munyao aliingia kituo cha afya na mpini wa jembe mkononi. Mkewe Kaveke, aliyeketi kando ya kitanda cha mtoto, hakujisumbua kuuliza nani kampelekea habari. Siku ya soko, mji mdogo wa Zombe hauna siri.

Kitandani alilala Kasyoka, miaka mitatu, mirija ya mashine ya oksijeni puani. Mafua yalimwanza Jumapili, nusu ya watoto wa Sunday School wakivuta kamasi, na kufikia Jumanne kifua kilikuwa kinakoroma na mbavu zikiingia ndani kila akivuta hewa. Munyao alikataza hospitali. Kaveke alimsubiri aondoke na mbuzi kwenda mnada wa Kwa Vonza, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda.

Mukami, daktari wa pale aliyetoka Kirinyaga na aliyekuwa zamu peke yake siku hiyo, alikuwa amempima akakuta hana malaria. Alimweleza Kaveke kwamba watoto wengine wa hapo walishachukuliwa kamasi zikapelekwa maabara, na jibu lilikuwa kirusi kinachoitwa enterovirusi. Hakina sindano ya kukiua. Mwili wa mtoto hukishinda wenyewe, mradi apewe dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, apewe maji, na zaidi ya yote apate hewa. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma asilimia themanini na nne walipofika. Sasa kilisoma tisini na nne, na ambulensi ya kumpeleka Kitui ilikuwa njiani.

Lakini kwa Munyao mashine hiyo ilikuwa jeneza lenye waya. Miaka minne nyuma kifungua mimba wao, Mulei, alifia hospitalini akiwa na mirija kama hiyo puani, na tangu hapo aliapa hakuna mtoto wake mwingine atakayewekewa.

"Toa hiyo kitu kwa mtoto wangu," alisema.

Mukami alisimama katikati, akamwambia kwa upole kwamba akiitoa, mtoto hatafika Kitui. Hasira hasara, husema watu, ila hasara ya hasira ya Munyao siku zote ilibebwa na wengine. Mpini ulishuka. Kaveke alisikia mfupa wa mkono wa daktari ukilia kama kuni kavu. Ngumi ikafuata, na Mukami akaanguka akitema damu na jino.

Kaveke alimrukia mumewe mgongoni, akamng'ata shingo mpaka akaonja chumvi ya damu. Miaka minane ya ndoa hakuwahi kumrudishia hata kofi, na alishangaa jinsi meno yalivyoingia kwa raha. Munyao alimng'oa akamtupa ukutani. Bega likatoka mahali pake, mkono ukaning'inia. Kisha akaigeukia mashine, akaipiga mara tano, mpaka ikanyamaza. Akachomoa mirija.

"Sasa atapumua," akasema, akihema.

Hakupumua. Midomo ya Kasyoka iligeuka rangi ya majivu. Kifaa kikashuka: themanini na nane, sabini na tisa, sabini na moja. Kifua kilichokuwa kikipigana kutwa kikachoka, macho yakapinduka, na lile dume la kupiga madaktari likasimama limeangusha mpini wake, halijui la kufanya.

Mukami aliinuka kwa magoti. Kwa mkono mzima alitoa kabatini kifuko cha mpira cha kusukumia hewa, akambandika mtoto barakoa usoni, akaishika hapo. Mkono wa kukifinya kifuko hakuwa nao.

"Mkono yangu umevunja," akamwambia Munyao. "Ya mama Kasyoka pia. Leta zako."

Akaja. Akapiga magoti, akashika kifuko kwa mikono yote miwili, na Mukami akamhesabia: moja, mbili, finya. Moja, mbili, finya. Kifua cha mtoto kikapanda. Alipochelewa kidogo tu, kifaa kilishuka, naye hakuchelewa tena. Jasho lilimtiririka, damu ya shingo ikamlowesha kola. Sabini na sita. Themanini na tatu.

Kaveke alimtazama. Aliiona mikono ile ikiwa na kazi, haiwezi kuacha hata kwa sekunde tatu, na maneno aliyoyameza miaka minne yakampanda kooni.

"Baba Mulei," alisema polepole. "Si mashine iliua Mulei. Alikohoa siku tatu ukakataa hospitali. Ukampeleka kwa mzee wa kukata kilimi. Wewe ndiye ulishika kichwa yake akikatwa. Tulifikisha hospitali mtoto amekwisha damu. Na mimi nikanyamaza, juu nilikuogopa."

Munyao alimtazama kwa macho mekundu.

"Finya," alisema Mukami.

Akafinya. Alifinya kwa dakika arobaini, na Kaveke hakulifuta hata neno moja aliloyasema.

Ambulensi ilipofika, mhudumu alimwekea Kasyoka oksijeni, kifaa kikasoma tisini na tatu, mtoto akalia kilio chembamba. Mikono ya Munyao ikawa huru. Kaveke alisimama mbele yake akisubiri kipigo, na aliogopa, lakini hakusogea. Munyao aliiangalia mikono yake, akaishusha, akawafuata hadi garini.

Mukami alipandishwa, kisha mtoto. Kaveke akapanda mwisho, akamwambia dereva afunge mlango, Munyao akiwa bado chini.