Sherehe ya Mwalimu Hansa

Mgongo ulipozidi kumsumbua Musyoka, msimamizi wa ghala moja huko Shimanzi, daktari alimshauri ajaribu yoga. Akaulizia, akaelekezwa Mji wa Kale, nyumbani kwa Mwalimu Hansa, mama wa Kihindi aliyefundisha shule miaka thelathini na minane.

Jumamosi tatu mfululizo Musyoka alivaa suruali ya mazoezi, akaketi mkekani na wanafunzi wengine wawili, akingoja kuambiwa ainame. Hakuambiwa. Walisoma kitabu cha kale cha yoga. Sentensi zake zilikuwa fupi kama notisi ya kukatiwa maji, na katika hizo mia moja tisini na ushei, zilizohusu kuketi zilikuwa tatu tu, nazo hazikutaka zaidi ya mtu atulie na astarehe. Alipouliza kwa adabu kujinyoosha kuko wapi, Mwalimu alimweleza kuwa mambo ya viungo yana vitabu vyao, vilivyoandikwa karne nyingi baadaye na watu waliosema wanajenga ngazi ya kupandia kwenye hiki. Musyoka aliona ajabu kuanzishwa juu ya ngazi, lakini Mwalimu Hansa hakuwa mtu wa kubishiwa.

Juma la nne akapata ujumbe kwenye simu: "Jumamosi saa kumi twaanza sherehe. Usikose."

Alifurahi. Kumbe kitabu kimekwisha. Akamwambia mkewe, Mwende, na Mwende hakuzoea kwenda kwenye sherehe ya watu mikono mitupu. Alipika pilau sufuria nzima, akakata kachumbari, akatoa gauni lake la kitenge. Musyoka akavaa suti. Walipofika waliwakuta wale wanafunzi wawili wamekaa kimya, kila mmoja ana kitabu kinene mapajani.

Mwalimu Hansa aliitazama sufuria, kisha suti.

"Bwana Musyoka," alisema taratibu, "sherehe ni maelezo ya kitabu. Mwenye kitabu alisema kwa ufupi mno, basi akaja mwingine akamfafanua. Bila sherehe, kitabu hakieleweki."

Ili asionekane mjinga kabisa, Musyoka akauliza kama hiyo sherehe yenyewe inaeleweka. Mwalimu alikiri kwamba si sana, ndiyo maana nayo ilitungiwa sherehe yake, na hiyo pia ikapata nyingine. Mwende akasema angejua mapema, angepikia ile ya mwisho.

Hapo hata Mwalimu alicheka, na pilau ikapakuliwa. Wakila, aliwaeleza kuwa yule wa sentensi fupi aliazima mengi kwa wanafalsafa wa kuhesabu. Hao walivihesabu vyote vilivyomo ulimwenguni wakapata ishirini na vinne vinavyohangaika na kazi, na cha ishirini na tano ni mtazamaji.

Mwende aliweka kijiko chini. "Hao wanaohangaika, Mwalimu, ni wa kike au wa kiume?"

Mwalimu akasema tangu zamani hivyo ishirini na vinne, yaani maumbile, huzungumzwa kama mwanamke, na mtazamaji kama mwanamume.

"Na huyo mtazamaji hafanyi chochote?"

"Hafanyi. Hutazama tu."

Mwende alimgeukia mumewe, akamwangalia kitambo.

"Basi hapo," alisema, "hatuhitaji sherehe."

Musyoka akainuka, mgongo wake unamuuma vilevile, akaanza kukusanya sahani.