Binti Asiyechukua Taulo

Katika bweni lile, matroni aligawa taulo za hedhi kila mwezi, na msichana asiyefika kuchukua zake alitiliwa shaka. Kitinda mimba wa mjane mfua nguo alipitisha miezi miwili bila kufika. Matroni akamsimamisha mbele ya wenzake, akatangaza kuwa ana mimba, akamrudisha nyumbani na sanduku kichwani.

Mama hakumpiga. Alimtazama usoni, akamwamini, akampeleka zahanati. Vipimo vikaonyesha hana mimba. Kesho yake wakaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, wao wawili na nesi aliyempima.

"Keti, mama," alisema mwalimu mkuu.

"Nitaketi jina la mwanangu likisafishwa."

Matroni, aliyekuwa ameketi kando, akabetua midomo. "Sasa hiyo damu imekwenda wapi, likizo?"

"Dada, hedhi inaanzia kichwani," nesi akamjibu. "Ubongo hutuma homoni, ni kama wajumbe ndani ya damu, ziamshe ovari zikuze yai. Ovari nazo hutoa homoni zao, zinatandika mji wa mimba. Mimba isipoingia, homoni zinashuka, tandiko linabomoka, linatoka. Huyu mtoto ana hofu ya mtihani, hali wala halali. Ubongo ukiona mwili umeelemewa, unaweza kuacha kutuma wajumbe."

"Kumbe!" mwalimu mkuu akakohoa. "Basi yameisha. Arudi darasani, tusikuze mambo."

Mama akasogea mezani kwake.

"Yameisha kwa nani? Mmemvua nguo mtoto wa watu mchana kweupe, leo mnamvika mlango umefungwa! Mimi namcha Mungu, mwalimu, nitasamehe. Lakini wenzake wanamwita Mama Kijacho. Nani atawanyamazisha?"

"Kwa hiyo unataka nikupigie magoti?" matroni akauliza.

"Magoti yako kaa nayo. Nataka mdomo, ule ule uliomchafua."

"Tutaliangalia wiki ijayo," mwalimu mkuu akasema.

Mama akafungua mlango. Uani wasichana walikuwa mapumzikoni. "Wiki ijayo mbali. Nawaambia mwenyewe, na ninyi nitawataja mmoja mmoja."

Matroni akaruka kitini. "Ngoja, mama wee, ngoja! Nasema mimi."

Akatoka, akawakusanya, akanong'ona kwamba msichana hakuwa na mimba, kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Sauti, matroni!" mama akafoka nyuma yake. "Siku ile walikusikia mpaka jikoni!"

Matroni akapaza sauti, akaanza upya.