Kapteni Aliyepandwa Shimo la Tisa

Elspeth, mtunza nyasi wa klabu ya gofu ya Balnacraig, aliamka na kulala na shimo la tisa. Lile duara la nyasi laini liliugua ukungu vuli nzima, akaliuguza kama mtoto wa surua. Kamati ya klabu ilikwisha kumwambia: likifa safari hii, atafute kazi kwingine.

Asubuhi moja ya Januari sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, ilianguka, nyasi zikasimama nyeupe, ngumu kama vioo. Nyasi ya hivyo ukiikanyaga umeivunja. Elspeth akazungusha kamba, akawaomba wachezaji wangoje jua. Wazee wa Balnacraig wakarudi ndani kwenye chai, wakinung'unika kwamba siku hizi majani yanaheshimiwa kuliko watu.

Kapteni wa klabu, Torquil Baird, mtu wa kilo nyingi na subira kidogo, hakungoja. Alisema huo ni umande tu, akaivuka kamba, akaenda kifua mbele mpaka kwenye bendera, akageuka ili wamwone. Ndipo alipoziona nyayo zake, nyeusi tii, kama fuko kapita.

"Usinyanyue mguu, Kapteni," Elspeth akasema taratibu.

"Sasa nitarudije, binti?"

"Hurudi. Unangoja jua, kama wenzako."

Akauliza kama hawezi kukanyaga palepale alipokanyaga. Mkewe, Una, akamjibu kutoka barazani:

"Wewe? Kikombe tu hukilengi kwenye kisahani."

Basi akasimama, kakumbatia mlingoti wa bendera. Wakamfungia kikombe cha chai kwenye ncha ya reki ndefu. Kilifika nusu, nusu nyingine ikaishia kwenye mkono wa koti lake.

Lachlan, daktari wa meno, alichelewa kufika. Kumwona Kapteni pale katikati, akadhani mchezo umeanza, akainua mguu kuvuka kamba. Elspeth alikuwa mbali, akaanza kukimbia.

"Rudisha mguu huo!" Kapteni akanguruma. "Unataka kuua nyasi za watu?"

Akamhubiria habari za sakitu, maneno yote ya Elspeth, kama kayagundua mwenyewe. Shimo la tisa lilikuwa limepata mlinzi, na mlinzi ndiye mkuu wa kamati.

Karibu na chakula cha mchana jua likaiyeyusha sakitu. Kapteni akatoka kwa magoti yaliyokakamaa, akatangaza kwamba kamba haitoshi. Kesho atasimama mwenyewe kulinda.

"Simama, Kapteni," Elspeth akasema. "Ila nje ya kamba."