Dole Lililolala

Umewahi kusikia dole gumba likikoroma? La fundi cherehani lilikoroma tangu asubuhi, naye akiwa anapinda gauni la mteja. Mteja mwenyewe alikuwa keshazoea. "Leo limelala fofofo, shoga," alisema, akaendelea kujitazama kwenye kioo.

Lilianza siku fundi alipopasuliwa ili kujifungua. Dawa ya usingizi ilipoisha aliamka mwili mzima isipokuwa dole gumba la kushoto, lenye wino wa buluu usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Mtoto aliishi siku mbili. Siku ya kutoa nyuzi, muuguzi alimwambia, huku akitafuta mkasi, kwamba kizazi walikwisha kukifunga.

"Nani kawaambia?"

"Wewe, dada. Fomu ina dole lako."

Fundi anajua kuandika. Vipimo vya wateja wote viko daftarini kwa mkono wake, mpaka kola na vifungo. Ndipo akaelewa dole lilichofanyishwa wakati yeye hayupo.

Wifi yake, mwenye mdomo, akamfikisha kwenye kamati ya malalamiko ya hospitali. Watu watatu walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Fundi akalaza dole kando ya fomu. Lilikoroma. Karani akateremsha sauti, asilisumbue. Daktari akaliwekea kile chombo cha kusikilizia moyo.

"Limelala kweli," alisema. "Tena kwa dawa yetu."

"Hakuna anayebisha," alisema mwenyekiti. "Ila utaratibu unataka alama isomeke. Hausemi dole liwe macho."

"Kwa hiyo hata maiti anaridhia?" aliuliza wifi.

"Maiti ana fomu yake, mama."

Karani akasogeza karatasi nyingine, ya kuthibitisha kwamba mlalamikaji amesikilizwa. Fundi akaomba kalamu. Kalamu ilikuwa moja, na mwenyekiti alikuwa ameanza kuitumia kwa faili la mwingine. Basi karani akalishika lile dole kwa adabu, kama anayembeba mtoto asiamke, akalichovya, akaligandamiza. Alama ikatoka safi, kila mstari.

"Haya, tumemaliza," alisema mwenyekiti bila kuinua macho. "Kuna lingine?"

Wifi akafungua mdomo. Fundi akamgusa bega.

"Nilitaka mtoto mwingine," alisema. "Mngeniuliza, ningewaambia."