Sketi Zilizokaukia Nyuma ya Jiko

Kwanza Delfina aliona sketi. Wanawake wote wa kijiji cha Kolpani walianika zao juu ya ukuta wa mawe, jua lizipige na majirani wazione. Za ndani za mama yake, Toribia, zilikaukia nyuma ya jiko, kwenye moshi. Delfina hakuuliza. Tangu aache shule darasa la tatu ili achunge, maneno yake mengi aliyamalizia kwa kondoo.

Mwaka huo zamu ya kulinda mashamba ilimwangukia baba yake, Anastasio. Mlinzi hulala kilimani mpaka viazi vichimbwe. Hufukuza ng'ombe na wezi, na mvua ya mawe huipulizia baragumu na kuifukizia moshi. Lakini kijiji kiliamini mawe hayashuki bure. Huitwa na mwanamke aliyeharibu mimba akaficha. Basi mawe yakashuka, viazi vya bonde zima vikalala chini, na wanawake wakaanza kutazamana sketi.

Toribia alijua damu iliyokuwa ikimtoka bila mpangilio itasomwa vipi, ndiyo maana aliificha. Siku alipoanguka njiani na ndoo, Delfina alimshika mkono wakashuka zahanati, wakisema wanakwenda kung'oa jino. Baadaye majibu ya vipimo yakarudi kutoka mjini: saratani ya mlango wa kizazi, bado changa, ya kukatwa ikaisha.

Toribia akauliza amekosa nini. Muuguzi, Nelva, binti wa wakulima vilevile, akavuta kigoda.

"Hujakosa kitu, dada. Ni kirusi. Karibu kila mtu hukipata, na kwa wengi kinajiondokea. Kwako kimekaa miaka."

Akawaeleza kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna walinzi. Mmoja hushika mlango, seli isijigawe ovyo. Mwingine hukagua, akikuta seli imeharibika, huisimamisha irekebishwe, au ife. Kirusi hutengeneza protini mbili. Moja humng'ang'ania yule wa mlangoni mpaka mlango unabaki wazi. Nyingine humtia alama mkaguzi, naye anavunjwavunjwa kama takataka. Hapo seli mbovu huzaliana, hakuna wa kuzifukuza.

"Kwa hiyo mlinzi hakulala," Delfina akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Hakulala, mdogo wangu. Alivamiwa."

Basi la mjini lilipita kila Alhamisi. Toribia akakataa kulipanda. Akiondoka, alisema, watajua ni yeye, na mumewe atabebeshwa mawe yote; atakwenda baada ya mavuno. Nelva alikuwa ameshasema mavuno ni mbali mno.

Jumatano wakaitwa kikaoni, uwanja wa shule. Anastasio alikaa mbele, baragumu mapajani, macho chini. Dada yake, Casimira, akasimama.

"Mwenye kuficha ajitaje mwenyewe. Tusije tukapekua jiko kwa jiko."

"Tuanze na lako," mtu akadakia, "maana linanuka hata moto haujawashwa."

Watu wakacheka. Delfina akamwona mama yake anajifunga shali vizuri, kama mtu anayejiandaa kusimama. Akaelewa. Mama alitaka kuikubali mimba ambayo haikuwapo, ili lawama zimwondokee mumewe, na akishaikubali kijiji hakitamwachia atoke tena nyumbani, basi lije lisije.

Delfina akamwekea mkono gotini, akamkalisha. Akasimama yeye, ambaye hata chai huwapa wageni akiwa ameangalia pembeni.

"Usijisumbue kupekua, shangazi. Sketi ziko nyuma ya jiko letu. Damu ni ya mama yangu, na hakuna mimba. Ana saratani. Walinzi wa mwili wake walivamiwa, na yeye hakumwita mvamizi, kama baba hakuyaita mawe. Kesho tunapanda basi, mimi na yeye. Anayetaka kutuzuia aje asimame barabarani, nimwone."